Jiwe Lina Sitini na Nne

Luhende aliniwekea programu ile kwenye simu
usiku wa kuamkia safari yake ya chuoni, Dodoma.
"Mama, funika jicho la kamera kwa kidole.
Usikandamize. Usiongee. Usicheke."
Nikacheka.
Ikanipa mia na nne.

Taa ilipenya kidole, kikawaka
kama kaa lililopulizwa,
nami nikaona, katika miaka yangu arobaini na saba,
kwamba ndani ya mkono huu wenye sugu
kuna kitu laini kinapita, kinapita.

Kazi yangu kokoto. Juu huku Bugarika,
nyumba zilikoparamia majabali kama mbuzi,
hii imekanyaga bega la ile.
Vijana huchoma matairi juu ya jiwe hadi lipasuke,
mimi napokea vipande, naketi juu ya gunia:
nyundo, ko, ko, ko,
ndoo moja mia saba, mnunuzi akiamka vizuri.

Saa nne nalaza nyundo, nafuta vumbi kwa kanga,
naweka kidole.
Tisini na nane. Mia na kumi na mbili.
Simu inaniandikia kwa kijani: *Pumzika.*
Pumziko ni ndoo ngapi? Haisemi.
Namba zote nazitia kwenye daftari la madeni,
na siku hizi nikilifungua sijui
wapi ananidai Mangu wa dukani,
wapi unanidai moyo.

Wakala wa mkopo alipopanda ngazi zetu,
mia thelathini na moja.
Luhende aliponipigia kusema amefaulu,
mia thelathini na moja, ile ile.
Mashine haijui nani anabisha hodi.
Inahesabu ngumi za mlangoni tu.

Halafu juzi.
Mvua ilikuja kwa ziwani, imeshaimeza Saanane,
nikaiacha simu juu ya jiwe, jicho chini, taa inawaka,
nikakimbilia dagaa wangu kwenye turubai.
Kurudi, namba imetulia:
sitini na nne.
*Hongera. Mapigo yako ni ya kawaida.*

Jiwe!
Nilisimama pale nikalowa hadi mgongo.
Ama simu hii ni mwongo wa kulipwa,
ama miaka kumi na miwili napasua
kitu chenye moyo mzuri kuliko wangu.
Nilipoinua nyundo tena nilisema samahani,
kwa sauti ndogo, majirani wasisikie.

Alhamisi nikapanda Bugando.
Nesi mnene, Nyanzobe kwa kibandiko cha kifuani,
hakuuliza simu inasemaje.
Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili,
akainua macho kwenye saa ya ukutani,
akanyamaza.

Dakika nzima.
Tangu Sagenda ahamie machimboni Geita
hakuna aliyeushika mkono huu dakika nzima
bila kutaka kitu kilichomo.
Nilitamani mshale ule mwembamba uchoke,
ukae kidogo kwenye tisa.

"Mbona machozi?"
"Vumbi la kokoto, nesi. Hesabu tu."
Akaandika namba, sikuiuliza.
Akanipa vidonge, nusu kila asubuhi,
chumvi nipunguze, na hilo la nyundo
"tutalizungumza ukirudi."
Akasema *ukirudi*. Nimelibeba neno hilo
kuliko vidonge.

Kushuka mlimani, simu ikatetemeka ndani ya sidiria:
*Muda wa kupima umefika.*
Nikaiacha itetemeke.
Niliweka vidole viwili pale pale alipoweka yeye,
nikatembea nikihesabu, moja, mbili,
hadi karibu na bomba la maji, penye foleni ya madumu,
Mama Sayi akaniamkia, hesabu ikanipotea.
Nikamwitikia.
Nikaanza upya.